Nyumba Iliyotaka Kelele

Jumatano. Wingu limekaa chini tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Mkiona nimeandika ovyo mnisamehe.

Nimepata nyumba leo. Na nimeikataa.

Kwa wasionijua: mi ni fundi wa kushona. Nimetoka Mutshatsha kuja hapa Kolwezi kufanya kazi kwenye karakana ya sare za shule. Watoto wangu wawili, Naomi na Jeredi, wamebaki kwa mama yangu. Mi nalala kwa binamu yangu Bibiche, sebuleni, kwenye mkeka kati ya viti. Mume wake ni mtu mwema, lakini siku hizi salamu yake imefupika sana.

Mpango ulikuwa huu: nikipata nyumba wiki hii, mama anawapandisha watoto treni Jumamosi, wanaanza shule huku. Nisipopata, wanaanza kule, na mwaka mwingine mzima umekwenda. Jeredi ameshaanza kumwita bibi yake mama. Siku niliposikia hivyo kwenye simu nilikwenda kulia chooni.

Basi nimetembea mpaka soli zimeisha. Zile nyumba za zamani za matofali katikati ya mji nimezitazama kwa mbali tu, ni za wenye mishahara ya makampuni. Karibu na barabara kuu bei inapungua, ila malori yanapita kutwa na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi. Kilimani ni rahisi zaidi, lakini umeme hakuna na maji ni ya kubeba kichwani. Na kila mahali niko na tata Fideli, komisioneri wangu, yule anayetafutia watu nyumba. Anataka hela yake ya matembezi hata kama tumeangalia choo peke yake. Tena amevaa viatu vyeupe katika vumbi hili! Simwelewi.

Leo akanipeleka kwenye mtaa ambao sitautaja. Vyumba viwili, bati jipya, sakafu ya saruji laini kabisa, bomba ndani ya uwanja. Akataja bei. Nikamwambia arudie. Akarudia ileile, na garanti, ile amana ya kutanguliza, ni ya mwezi mmoja tu. Hapa mjini, garanti ya mwezi mmoja! Wengine wanadai ya nusu mwaka kabla hujaona hata mlango.

Mwenye nyumba anaitwa Mama Astrida, mjane mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza kama nina mume. Hakuniuliza nasali wapi. Aliniuliza, "Unatwangaka sombe?"

Nikamwambia ndiyo mama, nani hapa asiyetwanga majani yake ya muhogo?

"Kila siku?"

Nikacheka, nikasema hata kila siku. Akauliza kama watoto wangu wanacheza kwa kelele. Akauliza kama nina redio kubwa. Nilipomwambia nina cherehani ya miguu, ile ya zamani inayopiga kelele kama kinu cha kusagia, uso wake ukang'aa. Akasema niilete, nishonee hapohapo nyumbani, kutwa nzima.

Nami mjinga wa Mungu nikafurahi. Wenye nyumba wote wa mji huu wanataka mpangaji anayepumua kwa ruhusa. Nikajisemea, hatimaye nimempata mmoja anayependa watoto.

Wakatoka nje yeye na tata Fideli, wakaniacha nipime vyumba. Nilikuwa na futi yangu ya kazini. Nikapiga magoti kwenye chumba cha nyuma, chenye dirisha la kuangalia bomba, nikipima mahali pa kitanda cha watoto. Jeredi ukutani maana anaanguka, Naomi huku nje.

Ko. Ko. Ko.

Chini ya goti langu.

Nikadhani ni bomba. Nikaacha kusogea, na ile sauti ikaacha. Nikasogea, ikaanza. Sijui ni shetani gani alinituma, nikagonga sakafu kwa kidole, mara tatu. Kimya. Nikainamisha sikio hadi sakafuni.

Halafu ikajibu. Mara tatu.

Yezu wangu! Nikasema huu ni bulozi, uchawi mtupu, mama huyu amezika mtu hapa, ndiyo maana bei iko hivi. Nikaanza kusali kwa sauti, nimeshika futi kama rozari. Nilikuwa katikati ya Baba Yetu niliposikia kikohozi. Kikohozi kikavu, cha kifua kilichojaa vumbi. Na mtu mwingine huko chini akamnyamazisha: shhh.

Mzimu haukohoi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kulinitisha kuliko ule mzimu. Bibiche alinisimulia nilipofika, nikamcheka: kuna mitaa hapa watu wanachimba kobalti ndani ya nyumba zao, shimo linaanzia chumbani, linapita chini ya ua, linaingia kwa jirani, na mvua kubwa ikija sakafu inaweza kutitia. Ili walinzi wa makampuni ya madini wasisikie nyundo, juu kunatakiwa mtu wa kutwanga. Mpangaji mwenye kinu. Mpangaji mwenye cherehani.

Nikatoka nje nimekunja futi mkononi. Nikamwuliza waziwazi, "Mama, chini ya kile chumba kuko nani?"

Hakushtuka hata kidogo. "Ni batoto ba hapa kartie. Banaingilia kwa parseli ya nyuma. Habatakusumbua." Akanyoosha kidevu kuelekea kiwanja cha nyuma, kama anayetaja vijana wa mtaani tu. Tata Fideli akaanza kuangalia viatu vyake. Kisha Mama Astrida akanishika mkono, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha jikoni. "Ukibasikia, weye twanga tu. Ile siku hautabasikia tena, njo uniite mbio."

Nitakiri hapa kwa sababu hapa ndipo ninaposema ukweli: sikukataa mara moja. Nilisimama pale pale nikihamisha vitanda kichwani. Watoto walale chumba cha mbele. Mi nilale cha nyuma. Mvua ikianza nitawaweka wote mlangoni. Nilikuwa nimeshaanza kukubali, jamani. Ni ule mkono wake ulionizindua, ulikuwa wa baridi na haukuniachia. Nikasema hapana mama, aksanti.

Getini nikakutana na mama mwingine anakuja kuiona, mtoto mgongoni, wawili wameshika kitenge chake. Nikamvuta pembeni nikamwambia yote, kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yaya, dada yangu, kule tunatoka ilikuwa vilevile. Mutu anazoea." Akaingia, na wale wadogo wakamfuata wakishindana nani atafika kwenye bomba kwanza.

Jioni nikapiga simu. Mama hakuuliza maswali, alisema tu sawa. Naomi ndiye aliyechukua simu. Alikuwa amefunga kapu lao tangu jana na amelala karibu nalo.

"Basi nilifungue?"

Nikamwambia lifungue, mwanangu. Akauliza kama nyumba ilikuwa mbaya. Ningemwambia nini? Ilikuwa nzuri. Nikasema mwenyewe amempa mtu mwingine. Nikamsikia akimwambia Jeredi, na Jeredi akaanza kupiga kelele kwamba mi ni mwongo, kwamba sitawachukua kamwe, na simu ikakatika au mama aliikata.

Kesho nitapanda kilimani tena, kule kwa maji ya kubeba. Tata Fideli asinifuate.

Wanangu wanalia Mutshatsha, nami nalia hapa. Acha tulie.