Orodha ya Kazi Nyepesi

KAMATI YA WAFANYAKAZI, TAWI LA HOSPITALI YA MTAA WA KIPATA, KARIAKOO, DAR ES SALAAM

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Jumatano tarehe 10 Novemba 1976. Kikao kilifanyika chumba cha kukunjia mashuka kwa sababu chumba cha mikutano kilifungwa na ufunguo uko Utawala. Kilianza saa 8:15 mchana.

WALIOHUDHURIA
1. Ndugu Mbaruku, fundi wa boila – Mwenyekiti
2. Ndugu Mektilda (Mama Candida), mhudumu wodi ya watoto – Katibu
3. Ndugu Augustino, mpishi – Mjumbe
4. Ndugu Filbert, dereva – Mjumbe
5. Ndugu Hyasinta, dobi – Mjumbe

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Ndugu Winifrida, muuguzi. Yuko zamu. Alituma neno kwamba lolote litakaloamuliwa yeye yuko pamoja na Mama Hyasinta.

MWALIKWA
Ndugu Polycarp, Ofisa Utawala. Aliingia saa 8:50, akatoka saa 9:10.

KUMB. NA. 1/11/76: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akaeleza kwamba barua nne za kupunguzwa kazi zilitoka Jumatatu. Waliopewa ni Ndugu Anselmi mlinzi, Ndugu Mboni mfagizi, Ndugu Shaibu wa bohari, na Ndugu Hyasinta wa dobi, ambaye ni mjumbe wa Kamati hii na alikuwa ameketi hapo hapo kwenye kikapu cha foronya. Wote wanne wanatakiwa kurudisha sare na kitambulisho cha kazi Jumamosi hii.

Mwenyekiti alimpa pole kwa niaba ya Kamati. Ndugu Hyasinta alisema pole amepewa nyingi tangu Jumatatu, zimejaa kapu, sasa angependa kusikia kingine.

Aliomba pia kikao kisirefuke. Mashuka ya wodi ya wazazi ameyaroweka tangu asubuhi, na maji siku hizi yanakatika saa kumi na moja. Mwenyekiti alikubali.

KUMB. NA. 2/11/76: KUSOMA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alimwambia Katibu asome kumbukumbu za tarehe 6 Oktoba. Katibu aliomba zichukuliwe kuwa zimesomwa. Mwenyekiti alisema hapana Mama Candida, leo zisomwe, maana neno lote limeanzia humo.

Katibu alisoma. Ilikuwa hivi: Utawala ulileta barua kutaka majina ya wafanyakazi wenye shida ya afya au ya nyumbani. Barua kama hiyo inakuja kila mwaka, na kila mwaka wanaoandikwa wanapewa kazi nyepesi. Mlinzi mgonjwa anatolewa zamu ya usiku, mfagizi mwenye mimba anaondolewa uwanjani anafagia ofisini. Mwaka jana Ndugu Augustino alipoungua mkono aliandikwa humo, akawekwa kuchambua mchele mpaka akapona. Kwa hiyo Kamati iliandika majina manne, na Katibu akaongeza maelezo ya kila mmoja ili ofisini waone huruma.

Mwenyekiti alisema na maelezo yasomwe. Katibu alisoma la kwanza, la pili na la tatu. La nne lilisema: "Hyasinta, dobi. Mgongo unamuuma sana mama wa watu. Akiinama kwenye karo la kufulia hawezi kuinuka bila kushika ukuta. Usiku halali. Tafadhali apewe kukunja tu, asifue."



Mwenyekiti aliuliza kama kumbukumbu hizo ni sahihi. Ndugu Hyasinta alisema siyo sahihi. Katibu alisema lakini mama uliniambia mwenyewe, tulikuwa tunakamua shuka mimi na wewe, ukaniambia. Ndugu Hyasinta alijibu, "Nilikuambia wewe. Sikuiambia karatasi."

Ndugu Filbert alisema tusimwonee Mama Candida, sote tulinyoosha mikono siku ile. Kumbukumbu zilithibitishwa kwa kura nne, mmoja amekataa.

KUMB. NA. 3/11/76: MAELEZO YA OFISA UTAWALA

Ndugu Polycarp aliingia. Alimwamkia Ndugu Hyasinta shikamoo. Ndugu Hyasinta aliitikia marahaba mwanangu.

Ofisa alieleza kwamba fungu la mishahara limepunguzwa na hospitali imeagizwa itoe watu wanne. Alisema agizo lilipofika mezani kwake, orodha ya Kamati ilikuwa pale pale pembeni, majina manne. "Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mimi siwajui wagonjwa. Mmeniandikia wenyewe kwamba huyu hawezi kuinama, huyu anakohoa damu, huyu macho hayaoni. Nikaona basi, Kamati imeshanisaidia."

Aliitoa orodha akaiweka juu ya meza ya kukunjia. Ni mwandiko wa Katibu, na doa la chai la Katibu.

Ndugu Augustino aliuliza, wakati anaomba majina alisema ni ya nini? Ofisa alijibu barua haikusema. Mwenyekiti alikubali kwamba hata mwaka jana haikusema.

Ndugu Hyasinta aliuliza juu ya kitambulisho. Alisema yeye anakwenda Magomeni kwa mguu kila jioni, na wiki hii mgambo wamesimama njiani pale Jangwani. Asiye na kitambulisho cha kazi anapakiwa lori anapelekwa kijijini. "Wakiniuliza kitambulisho niwaonyeshe nini, sabuni?"

Ofisa alimshauri apate barua ya mjumbe wa nyumba kumi. Aliongeza kwamba kulima nako ni kazi, siyo adhabu.

Ndugu Hyasinta alisema, "Mwanangu, mimi nimelima Masasi wewe hujazaliwa, jembe halinitishi. Lakini pale chumbani nina mjukuu wa kike, yuko darasa la tano, mama yake alifia humu humu wodi namba mbili. Nikipakiwa lori jioni, yeye akirudi shule anafunguliwa mlango na nani?"

Ofisa alisema hesabu ni ya watu wanne na haibadiliki. Kamati ikitaka kumwondoa mmoja, ilete jina jingine badala yake, limetiwa sahihi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Aliondoka. Orodha aliisahau mezani, akarudi kuichukua.

KUMB. NA. 4/11/76: JINA LA BADALA

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe mwenye la kusema.

Ndugu Filbert alisema yeye hamtaji mtu, ila jikoni kuna wapishi wanne na mchele wenyewe hakuna. Ndugu Augustino alisema na yeye hamtaji mtu, ila gari la wagonjwa liko juu ya mawe tangu Agosti, halina hata tairi moja, na dereva wake anasaini kila asubuhi. "Anaendesha nini? Anaendesha mdomo?"

Ndugu Filbert alisimama akaenda mpaka mlangoni. Alisema maneno juu ya nyama ya wagonjwa ambayo Mwenyekiti aliagiza yasiandikwe. Ndugu Augustino alisema yaandikwe. Hayakuandikwa.

Katibu alipitisha mihogo ya kuchemsha aliyokuja nayo, maana watu walikuwa hawajala tangu asubuhi na njaa inaongeza hasira. Ndugu Filbert alisema hataki kubembelezwa kwa mihogo. Aliila baadaye.

Mwenyekiti alisema mnaona wenyewe. Dakika kumi tu tumeshaanza kukatana, na Ijumaa bado.

Hapo Katibu aliomba ruhusa ya kusema. Alisema mwandiko ni wake, maelezo ni yake, na hakutumwa na mtu kuyaongeza. Aliandika kama mtu anayemwandikia nduguye barua, akadhani mwenye kusoma atasoma hivyo hivyo. Aliomba jina lake liandikwe badala ya Hyasinta, na kalamu alikuwa ameishika.

Ndugu Hyasinta alimwambia, "Mama Candida, kaa chini. Una watoto watano na wa mwisho hajaota meno. Umenisaidia mara moja nikafika hapa. Ukinisaidia mara ya pili sijui nitaamkia wapi."

Wajumbe walicheka. Katibu pia alicheka, halafu akalia, na kikao kilisimama kidogo. Ndugu Hyasinta alimpa foronya ajifute. Alimwambia ni safi, asiogope.

Kura ilipigwa. Waliokubali jina la Katibu: mmoja, Katibu. Waliokataa: wanne. Mwenyekiti aliuliza tena kama kuna jina jingine. Hakuna aliyetaja, na Ndugu Filbert na Ndugu Augustino walitazama chini.

ILIAMULIWA: Kamati haitapeleka jina la mtu yeyote.

Ndugu Hyasinta alisema amesikia. Alisema hata yeye angekuwa upande ule asingetaja.

KUMB. NA. 5/11/76: MAAZIMIO

(a) Mwenyekiti na Ndugu Augustino watapeleka barua Utawala kesho asubuhi, nakala kwa ofisi ya mkoa, kueleza kwamba orodha ya Oktoba ilikuwa ya kuomba kazi nyepesi na haikuwa ya kupunguza watu. Mwenyekiti alisema wazi kwamba atakwenda na atasema mpaka koo likauke, lakini asimdanganye mtu, haoni kama barua hiyo itarudisha kitu. Ndugu Hyasinta alimshukuru kwa kutomdanganya.

(b) Kuanzia leo Kamati haitaandika ugonjwa wa mtu kabla mwenyewe hajaulizwa, akasomewa, akakubali.

(c) Mjukuu wa Ndugu Hyasinta: Katibu alisema mtoto huyo akirudi shule asikute mlango umefungwa. Kuanzia Jumatatu apitie kwake, Mtaa wa Sikukuu, ale na wenzake, asubiri mpaka bibi yake aonekane. Ndugu Hyasinta aliuliza kama Candida bado anakojoa kitandani, maana mjukuu wake hapendi. Katibu alisema ameacha.

(d) Jumamosi Katibu atamsindikiza Ndugu Hyasinta mpaka Magomeni. Ndugu Hyasinta alisema kitambulisho cha Katibu kina picha ya mtu mmoja, hakitawafunika wawili. Katibu alisema atamsindikiza hivyo hivyo.

(e) Ndugu Hyasinta aliomba iandikwe kwenye kumbukumbu hizi kwamba mgongo wake ni mzima, haumuumi, na haujapata kumuuma. Mwenyekiti alimtazama Katibu. Imeandikwa: mgongo wa Ndugu Hyasinta ni mzima.

KUMB. NA. 6/11/76: MENGINEYO

Ndugu Hyasinta alitoa taarifa kwamba sare za wenzake watatu zimeshaletwa dobi azifue kabla hazijarudi bohari. Ya Anselmi imechanika kwapani, ameishona. Aliuliza ya nne, ambayo ni yake, atafua nani. Ndugu Augustino alisema yeye ataifua. Ndugu Hyasinta alisema mpishi ataijaza mafuta, heri aifue mwenyewe Ijumaa na Jumamosi aje na gauni lake la nyumbani.

KUMB. NA. 7/11/76: KUMALIZA

Saa 10:05 Ndugu Hyasinta alisimama. Alishika ukuta. Alisema mguu umekufa ganzi kwa kukaa.

Mwenyekiti alisema kikao kimemalizika na watu watawanyike, lakini wajumbe hawakutawanyika. Walimfuata mpaka kwenye karo. Ndugu Hyasinta alisema hakuita mtu, kazi hii ameifanya miaka kumi na nne na hajaomba msaidizi. Ndugu Filbert alikunja suruali. Mashuka yalikuwa arobaini na mawili. Shuka la hospitali likiloa halikamuliwi na mtu mmoja, linataka wawili, huyu anasokota kulia na yule kushoto. Ndugu Filbert na Ndugu Augustino walishika shuka moja, wakalisokota bila kusemeshana. Mwenyekiti alianika, kwa sababu mikono yake ina makaa ya boila na Ndugu Hyasinta alimkataza kugusa katikati ya shuka.

Ndugu Hyasinta alichukua shuka, akalitafuta pindo lake, akampa Katibu upande wa pili.

Maji yalikatika saa kumi na moja kasoro dakika chache. Mashuka yalikuwa yamebaki mawili tu, na yalikuwa yamekwisha kusuuzwa.

Katika shuka la mwisho Ndugu Hyasinta alimwambia Katibu jambo. Katibu hakuliandika.

Wajumbe waliachana getini saa 11:20 jioni.

Imesainiwa:

Mbaruku
MWENYEKITI

Mektilda
KATIBU

Tarehe 10/11/1976