Moto wa Mlangoni kwa Haruko

Dada Haruko,

Habari zako nimezipata kwa simu, kutoka kwa yule rafiki yako wa kazini. Kwamba ulifariki peke yako kwenye nyumba ya marehemu mama yako, na zikapita siku kadhaa ndipo mleta magazeti akashtuka. Siku kadhaa, Haruko! Hapa kijijini Mamba mtu akichelewa kuamka tu, majirani wameshaanza kugonga dirisha.

Nilikaa chini palepale jikoni. Nilikasirika, sikufichi. Nilikukataza kurudi Japani.

Ulinieleza jinsi kijiji chenu kilivyobaki kitupu, ila sikukuelewa. Ulisema baada ya vile vita vikuu vya dunia vijana wa kijijini kwenu walipanda treni kwenda viwandani mijini, wakaoa hukohuko, mwishowe shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Nikacheka, nikakwambia nitakuazima wa kwangu. Sasa Daudi wangu naye alipanda treni pale Mpanda, yuko Dar, na nyumba imekuwa kubwa mno. Ule mpunga uliotufundisha ulipoishi nasi hapa, kuupandikiza kwa kamba ili mistari inyooke, naupalilia peke yangu.

Kilichonitesa zaidi ni habari ya moto. Ulisema kwenu Agosti watu huwasha moto mdogo mlangoni, ili marehemu wao waone njia ya kurudi nyumbani. Nikajiuliza, wewe atakuwashia nani? Nyumba yenu imefungwa, na jirani hakuna.

Basi nikakuwashia mimi, mbele ya mlango wangu, jua likizama.

Mama Joziane wa ng'ambo ya mfereji akauona, akajua tumefiwa. Si unajua kwetu moto nje ya nyumba ni msiba? Akaja mbio na mfuko wa unga kichwani, wenzake nyuma na kuni na mikeka. "Nani katutoka, jamani?" Nikasema, Haruko. "Nyie, njooni, ni yule Mjapani wetu wa mpunga!" Wakatandika mikeka, wakakulilia, dada. Kwa sauti, na kwa jina lako.

Wamesharudi makwao. Kimya kimerudi pia.

Ulisema baada ya siku chache mnawasha moto wa pili, wa kuwasindikiza marehemu waende zao. Huo sikuuwasha, wala sitauwasha. Nisamehe. Uende wapi, na kule hakuna mtu? Lala salama dada yangu, ila lala hapa. Nami nakuahidi, kila asubuhi, kabla sijasema na mtu yeyote, nitakuamkia wewe kwanza.

Mdogo wako,
Mama Daudi