Eti Mwalimu Amesafiri

Dubai, Jumatatu, Februari 2006

Eti donati! Mtu kazaliwa Tanga aambiwe tonge la wali ni donati. Kwenye katuni ya Kijapani anayoipenda Samia, binti wa madam ninayemfanyia kazi, punje za mchele zinaonekana kabisa, halafu sauti ya Kimarekani inasema donati. Wamarekani wamenunua hadithi ya watu, wakaikatakata kana kwamba watoto wao ni mazuzu.

Marisel, mpishi wetu Mfilipino, ana diski ya katuni hiyohiyo ambayo haijakatwa. Juzi aliniwekea jikoni. Humo kuna mwalimu wa upanga, anauawa, wanafunzi wanamzika wakilia. Kwa Wamarekani hakuna damu wala kaburi. Mwalimu amesafiri, basi. Nilimwambia Marisel, "Kwao hata maiti anapata viza." Tulicheka mpaka madam akatugombeza.

Leo Samia kaniuliza, "Dada Mwanaidi, mwalimu atarudi lini?"

Nikamwambia sijui, Wamarekani ndio wanaojua.

"Na bibi je?"

Bibi yake alizikwa wiki iliyopita. Ndiye aliyekuwa akilala naye tangu mchanga. Madam alinionya siku ileile: "Mwambie amesafiri, khalas, basi."

Kazi naihitaji. Nikajibu, "Atarudi, inshallah."

Akakimbia chumbani, akaja na kandambili za bibi yake, akaziweka mlangoni ili akifika azikute. Moja ilikaa upande.

Mimi, mcheka Wamarekani, nikainama nikainyoosha.