Pikipiki Niliyoirudisha kwa Simu

Kiseke, Mwanza
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kwa dada yangu Adventina,

Shikamoo dada. Itikia kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakujua, ukiona bahasha yangu utaziruka salamu uende kutafuta msiba uko mstari wa ngapi. Hakuna msiba mpya. Mimi ni mzima, kile kikohozi cha masika kimeniachia, na chakula ninakula. Baba anaendeleaje na macho? Yale matone anayaweka, au bado anasema yanawasha kuliko ugonjwa wenyewe? Na mgongo wako je? Wewe utaniambia "mzima" hata kama umelala chali, kwa hiyo hilo nitamuuliza shemeji.

Utajiuliza kwa nini nimehangaika na karatasi wakati simu ipo. Dada, tangu tumzike Mama tumepigiana simu kila Jumapili, na kila Jumapili tumeongea mvua, mnyauko wa migomba na mafua ya watoto. Maneno yakianza kunikaba nasema mtandao unasumbua, nakata. Karatasi haikatiki. Halafu sisi na simu, unajua mwenyewe ilikotufikisha.

Nianze na habari ya shule, kwa kuwa ndiyo iliyonikalisha hapa mezani. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Siyo ile ya kuacha kazi ukakae bwenini. Hii ni ya watu wenye ajira zao: masomo mengi tunasoma kwa mtandao, na Jumamosi moja moja tunakutana darasani. Ukiwa na nguvu unaimaliza kwa miaka miwili, ukibanwa unaivuta hadi mitano. Na kilichonipendeza, masomo unayapanga mwenyewe, lipi lianze na lipi lifuate, mradi ya lazima yasikose na ya hiari yatimie. Unapewa jedwali lenye mihula yote, unajaza, unampelekea mshauri wa masomo aweke saini. Mama angekuwepo, leo kanisani pasingetosha. Angeshatangaza kwamba daktari wake anakwenda kuongeza udaktari.

Na hapo ndipo penye jeraha lenyewe. Wewe unaijua kazi yangu. Mimi ni bwana afya. Ninazunguka Igogo na daftari, napanda majabali kukagua vyoo vya watu waliojenga juu ya mwamba, mahali ambapo ukitaka kuchimba shimo sururu inakurudia. Nagombana na wanaofungulia maji machafu mvua ikinyesha ili yateremke ziwani. Nakagua jiko la mama lishe. Sijawahi kumdunga mtu sindano hata moja. Lakini kwetu, ukifanya kazi yenye neno afya ndani yake, wewe ni daktari, basi. Mama ndiye aliyeanza. Kila kifurushi cha senene na kahawa alichonitumia kwa meli kiliandikwa "Dkt. Novati, Mwanza". Mwanzoni nilicheka. Baadaye, dada, ikaninogea. Watu wakaanza kunipigia kuniuliza kikohozi cha mtoto, uvimbe wa mguu, na mimi nikajibu kwa sauti ya taratibu kama niliyoisikia kwa madaktari. Ikafika mahali mtu hatoki nyumbani kwenda zahanati mpaka amuulize "daktari wetu wa Mwanza". Sikumkatalia hata mmoja.

Sasa niandike ya Jumanne ile. Wewe unayajua yote, ila nayaandika kwa ajili ya watakaosomewa barua hii baada yako.

Ulinipigia saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye jabali pale Igogo nikibishana na mzee mmoja juu ya bomba la choo chake. Ulisema Mama ana homa tangu Jumapili, anakohoa, ameshika ubavu, anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima na ndoo kichwani. Ulikuwa umeshamfunga kitenge. Pikipiki ya Rwegasira ilikuwa uani, nilisikia inaunguruma. Na swali lako halikuwa kama apelekwe au asipelekwe. Uliuliza, "Novati, tumpeleke zahanati au twende moja kwa moja hospitali?"

Nikakwambia, "Dada, usimtese Mama na pikipiki kwenye barabara ile. Hiyo ni malaria na uchovu wa shamba. Mpe dawa ya mseto, anywe maji mengi, apumzike. Jumamosi nitakuwa hapo nimwangalie mwenyewe."

Ukauliza, "Una uhakika?"

"Dada, kwani kati yetu nani kasoma?"

Hayo ndiyo maneno niliyokujibu. Nikakusikia unamwambia Rwegasira kwa Kihaya aende zake, na pikipiki ikaondoka, nikiisikia mpaka ilipopotelea migombani. Mimi nikarudi kwenye ubishi wa bomba, na ninakumbuka nilimshinda yule mzee.

Mama alifariki Ijumaa asubuhi ukimnawisha uso. Jumamosi nilifika kama nilivyoahidi, nikakuta wanaume wanachimba kaburi katikati ya migomba ya kibanja.

Kisha ikaja ile siku ya pili ya matanga. Shangazi Paskazia alisimama mbele ya wanawake wote waliokuwa wakimenya ndizi, akasema bila kupunguza sauti, "Mtu unakaa na mama yako ndani siku tano kama unavundika ndizi! Na mdogo wako ni daktari! Hata kumpigia simu tu umeshindwa?" Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Shangazi alipomaliza, Baba aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hajakutazama vizuri. Usidhani sijaliona hilo. Wewe uliendelea kumenya. Ulinitazama mara moja tu. Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Shangazi, na ndoo ya maji mkononi, nikajifanya nimesikia mtu ananiita nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na mtu. Nilisimama pale na ndoo yangu mpaka maneno yakaisha.

Siku ninaondoka ulinifungia kahawa kwenye jani, ukanisindikiza hadi barabarani. Nikataka kusema. Ukaniwahi: "Wewe una kazi ya watu kule. Mimi niko hapahapa, maneno ya nyumbani nimeyazoea." Dada, nimeyabeba maneno hayo kila jabali ninalopanda. Hakuna mtu anayezoea maneno kama yale. Ulinifunika, nikakubali kufunikwa, na wewe ukabaki uchi mbele ya ukoo mzima.

Turudi kwenye jedwali. Nililijaza kwa raha kweli. Takwimu muhula wa kwanza wakati akili bado mbichi, uenezi wa magonjwa unafuata, kisha afya ya mazingira ambayo ni uwanja wangu, uongozi wa huduma, mwishoni tasnifu. Katika masomo ya hiari kuna moja linaitwa Uchunguzi wa Vifo vya Majumbani. Linafundisha namna ya kuwahoji ndugu wa mtu aliyefia nyumbani ili ijulikane aliugua nini na kwa nini hakufika hospitali. Kwa bwana afya hakuna somo linalofaa kama hilo. Nililiweka muhula wa mwisho wa mwaka wa tano.

Mshauri wangu ni mama wa makamo, Mjita wa Musoma, anavaa miwani yenye kamba. Alipitisha kalamu juu ya jedwali langu polepole. Akasema, "Mengine yote umeyapanga kama mtu anayejenga nyumba. Hili umelitupa uani. Kulikoni?"

Nikasema ni ratiba ya kazi.

"Hii ratiba umeipanga mwenyewe, Novati. Hakuna aliyekubana."

Akafungua droo, akanipa fomu ya mahojiano nikaisome. Akaniambia kwamba katika somo lile kila mwanafunzi anaanza na kifo anachokijua, kwa kuwa asiyewahi kuulizwa hajui kuuliza.

Niliisomea kwenye benchi nje ya ofisi yake. Je, marehemu alikuwa na homa? Kwa siku ngapi? Alikohoa? Alipumua haraka? Alilalamika maumivu ya ubavu? Dada, sikufika hata ukurasa wa pili nikajua kwamba haikuwa malaria. Kilikuwa kichomi. Muuguzi yeyote wa zahanati angehesabu pumzi zake kwa dakika moja akajua. Mbele kidogo wanauliza kama usafiri ulipatikana. Ulipatikana, ulikuwa uani, unaunguruma. Halafu wanauliza kama kuna mtu alitumia simu kuomba msaada. Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana, basi. Simu ilijibu nini, hawaulizi. Ukijaza ndiyo, fomu inahesabu kwamba mgonjwa alisaidiwa.

Nililia pale pale kwenye benchi, mchana, watu wakipita. Mama wa usafi alipitisha dekio pembeni ya miguu yangu bila kuniuliza kitu. Kwenye mikutano ya mtaa huwa nashika kipaza sauti nawaambia watu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kifo kimekuja, kimemuumbua asiyehusika, na mfichaji bado anashika kipaza sauti.

Nimelipindua jedwali. Somo lile sasa ni la kwanza kabisa, takwimu zitasubiri. Mshauri ameweka saini. Nilimwomba kaya ya kufanyia mazoezi ya mahojiano iwe yetu, nikamweleza yote kama nilivyokueleza hapa. Alivua miwani. Akasema kwanza wewe lazima ukubali kwa hiari yako, na ukikataa hakuna wa kukulaumu. Pili, akasema kuhoji sitahoji mimi. Ndugu hamhoji ndugu, kwa sababu atamficha. Nikamwambia huyo dada yangu ameshaanza kunificha tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo atakuja mwanafunzi mwenzangu, muuguzi wa Bukoba, ni mwanamke mpole na Kihaya anakijua. Atakuja wakati wa likizo fupi ya muhula, nami nitakuwa nimetangulia. Nitakaa upande wa wanaoulizwa. Naomba Baba awepo, na Shangazi Paskazia awepo. Maswali ya homa na kikohozi ujibu wewe, maana ulikuwa naye, ulimpangusa, ulimgeuza. Lakini akifika kwenye swali la simu, dada, tafadhali usijibu. Usiseme mtandao ulisumbua, usiseme ulisahau. Niachie mimi. Nitasema ni nani aliyepigiwa na alisema nini, na nitasema pikipiki ilirudishwa na nani.

Na kama moyo wako hautaki mahojiano, usijilazimishe. Nitatafuta kifo kingine cha kusomea. Ila barua hii usiifiche kama ulivyonificha mimi. Wasomee Baba na Shangazi hata kabla sijafika, nisije nikafika nikasikia tena mtu ananiita nyuma ya nyumba. Sikuombi msamaha kwa karatasi. Huo nitakuja kuuomba nikiwa nimepiga magoti, na ukininyima nitajua kwamba kunyimwa ni haki yangu.

Watu wa nyumbani bado wananipigia. Juzi mke wa Rwegasira aliniuliza mtoto anaharisha afanyeje. Nikamwambia, "Mimi si daktari. Mpeleke zahanati sasa hivi, mnyweshe njiani." Akasema kwa ile heshima yetu ya Kihaya, "Waitu daktari, kwani tumekukosea nini?" Nilibaki naye kwenye simu mpaka nikasikia sauti ya muuguzi.

Nisalimie Baba, umwambie matone yakizidi kuwasha aende zahanati. Shemeji mpe pole ya kufyeka kibanja peke yake, na kaburi la Mama asiliache nyasi zikalizidi. Koku, binti yako, mwambie mjomba wake ameliona lile daftari la hesabu kwenye picha na amefurahi. Shangazi Paskazia mpe salamu zangu kwa heshima zote. Hasira yake ilikuwa ya haki, ila ilimwangukia asiyestahili. Rwegasira umwambie kwamba siku ile alifanya vema kuja. Na yule mwenye duka anayepokea vifurushi vya meli, mwambie akiniandikia aandike Novati tu, bila kitu mbele.

Ni mimi mdogo wako uliyemfunika,

Novati,
bwana afya, Igogo.