Bwawa la Damu Moja

Hikone, 4 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na theluji imekwisha paani. Mimi sijambo, ila nikitoka maabara sina wa kuongea naye.

Nimepima vile vipande vya mapezi ya koi wetu, hao samaki wa mapambo unaowafuga. Baba, kila samaki hurithi vinasaba vya kinga, ndivyo vinavyoutambua ugonjwa. Samaki wa ziwani hapa wanatofautiana sana. Ugonjwa ukimuua huyu, yule anauhimili. Wako wote wana kinga ile ile. Ugonjwa ukimpata mmoja, umewapata wote. Nimekutumia dume mweusi wa ziwani uchanganye damu.

Mwanao,
Fumiyo

Niigata, 19 Aprili

Mwanangu Fumiyo,

Marahaba. Mgongo unauma, mengine salama. Dume wako amefika, mweusi kama gunia la mkaa. Wekundu hawa mama yako aliwachagua mmoja mmoja mpaka alipofariki, leo unawaletea bwana harusi wa namna hii? Haya, nimempa jike mmoja, kwa sababu ni wewe.

Utakuja Agosti kuwapokea marehemu wetu, roho zao zinaporudi nyumbani kwa sikukuu yao? Godoro lako nimeshalianika.

Baba yako

Niigata, 2 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Hukujibu, nadhani ni kazi. Mimi nipo.

Jana nilichambua vifaranga. Unajua tunavyofanya: mwenye rangi abaki, mweusi atupwe. Watoto wa dume wako karibu wote walikuwa weusi. Nilijiambia nitawaacha. Nilipozinduka beseni lilikuwa tupu, mkono umezoea. Usinikasirikie.

Agosti unakuja?

Baba yako

Hikone, 10 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimekasirika, siwezi kuficha. Wale weusi ndio waliokuwa na kinga ngeni, nawe umewatupa kwa ajili ya rangi.

Siji, kazi ni nyingi. Nisalimie Mama kaburini.

Fumiyo

Hikone, 3 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako? Nasikia ugonjwa wa koi umeingia bonde lenu, na simu hupokei. Niandikie hata mstari mmoja. Nina madume wengine wa ziwani, nitakuletea tuanze upya.

Mwanao,
Fumiyo

Niigata, 28 Oktoba

Mwanangu Fumiyo,

Marahaba. Mwili ni mzima.

Wamekufa wote. Alianza yule mwenye doa kichwani, kufikia Jumapili samaki wa bwawa zima walikuwa wanaelea. Watu wa wilaya wakaja kumwaga chokaa bwawani kuua ugonjwa. Ulisema kweli. Simu niliisikia ikilia, nikaendelea kuopoa mizoga.

Asubuhi bado naamka nachanganya chakula chao, nafika mlangoni ndipo nakumbuka. Zamani nilikuwa naongea nao. Sasa jioni inafika sijafungua kinywa.

Madume usilete. Nikiwatazama nitalia tu. Njoo mikono mitupu, kabla theluji haijafunga njia. Nimechoka kula peke yangu.

Baba yako