Taa Ninazoziacha Ukweni

Dada Dalesi,

Huku mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na yule mbuzi wako amezaa mapacha. Taa zote zinawaka isipokuwa ya kanisani, ambako panya wamekula waya. Kesho nitaubadilisha.

Nyumba arobaini na tatu za kijiji hiki nimezifungia umeme wa jua kwa mikono yangu, mimi niliyejifunza ufundi kwa kufungua redio mbovu. Wiki iliyopita tulimaliza matanga ya mke wangu Esinati. Mjomba wake, mzee Kachepa, akaniita mbele ya watu.

"Mkwe, uliyemfuata huku hayupo tena. Tunakuruhusu urudi kwenu."

"Na nyumba niliyojenga?"

"Ya kwetu."

"Na paneli zilizo juu yake?"

"Mkwe huondoka na nguo na jembe lake, basi. Kwani na jua nalo ulikuja nalo?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sikubishana. Mume wa marehemu dada yetu nilimwambia mimi mwenyewe maneno hayohayo.

Binti yangu Tiyamike aliuliza nani atafuta vumbi kwenye paneli. Nikampa kitambaa, nikamwonyesha: afute asubuhi, bati likiwa bado baridi. Ana miaka tisa na kilo ishirini na tatu, bati halitabonyea.

Nitafika Jumamosi. Uliandika kwamba umetuandalia vitanda viwili. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, dada, unajua. Tandika kimoja.

Nduguyo,
Biswick