Mtungi Uliotobolewa

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zetu, na pole kwa kazi. Mama hajambo, mimi sijambo. Aliyenifanya nishike kalamu ni Baba.

Uliniuliza mwalimu wetu wa kemia anasemaje juu ya yale mawe ya karakanani. Anasema mawe hayo, yaani kabidi, ni metali iliyoungana na kaboni, ileile iliyomo kwenye makaa. Yetu ni ya kalisi. Ikipata maji, kaboni inaondoka na gesi ya kuchomelea, kalisi inabaki chini kama chokaa. Nilipomweleza Baba alicheka mpaka akavua miwani, akauliza ni metali gani hiyo ya kupaka ukutani. Unamjua, sikio la kufa halisikii dawa.

Mwezi uliopita mtungi wa kuzalishia gesi ulivuja. Ni uleule ambao ulimsihi Baba autupe, mkagombana, ukafungasha. Akaazima moto wa kuchomelea kwa fundi jirani ili auzibe. Alimwaga maji, akachungulia, akaona chokaa tupu. Nilimwambia huenda ndani yake mna mawe ambayo hayajaisha, bado yanatoa gesi. Akasema nimeanza kuongea kama wewe, kisha akawasha. Mtungi ulilipuka, mfuniko ukatoboa paa.

Usishtuke, yu hai. Nyusi ziliungua, sasa zinaota laini kama za mtoto mchanga. Lakini sitakuficha, kaka: hasikii tena, masikio yote mawili. Mama anagombana naye kwa mikono, na bado hamwezi. Mimi nililia sana.

Juzi aliniita karakanani, akataka nimweleze upya maana ya kabidi, taratibu, huku akinitazama mdomo. Safari hii hakucheka. Aliujaza mtungi maji, akauacha ulale hivyo. Jana akaumwaga, akachukua patasi na nyundo, akautoboa kila upande mpaka usifae hata kuchotea mchanga.

Akaniagiza nikuandikie kwamba mtungi ameutoboa mwenyewe. Nikamwuliza kwa ishara kama nikwambie urudi. Akajibu kwamba wewe bado una masikio, utaelewa.

Mama anakusalimu sana, na kitanda chako ameshakitandika bila kuulizwa. Ukifika usisumbuke kupiga hodi karakanani. Mguse bega tu.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo